Mshale wa Kuwindia Ukatwe Inchi Ngapi? Maswali Mnayouliza Kila Msimu

Msimu wa kulungu ukikaribia maswali ni yaleyale, hasa kwa Waswahili walioko Marekani na Kanada ambao ndo wamenunua upinde wa kwanza. Mtu ananunua upinde mwezi wa nane, majimbo mengi yanafungua mwezi wa tisa au wa kumi, na katikati hapo anagundua kumbe mishale haiuzwi kama soksi. Nimeyajibu hapa yote kwa pamoja. Nikisema shafti namaanisha ule mwili wa mshale wenyewe, noki ni kile kiplastiki cha nyuma kinachoshika kamba, resti ni pale mshale unapolala, na raiza ni ile sehemu ya katikati ya upinde yenye mshikio. Vipimo vitakuwa inchi, paundi na greni (kipimo kidogo sana cha uzito, ndo wanachopimia mishale na ncha) kwa sababu ndo vilivyoandikwa kwenye maboksi.

Sina muda wa kusoma yote, niambie tu namba

Namba sina, kwa sababu inatoka kwenye upinde wako ukiwa umevutwa na wewe mwenyewe. Ila kama una kompaundi (ule upinde wenye magurudumu juu na chini) na lazima uondoke na kitu: chukua urefu wako wa kuvuta (kamba inarudi umbali gani ukivuta mpaka mwisho, kuupima kuko hapo chini), ongeza nusu inchi mpaka inchi moja, alafu usikate mpaka umesoma hapo chini kwenye suala la spaini, yaani ugumu wa mshale. Anayevuta 28 mara nyingi anaishia na mshale wa 28.5 mpaka 29. Kama una rikavu, ule upinde usio na magurudumu, namba hiyo haikuhusu, ruka mpaka kwenye swali lako.

Urefu wa mshale unapimwa kutoka wapi mpaka wapi?

Kutoka ndani ya ule mfereji wa noki, pale kamba inapokaa, mpaka mwisho wa shafti. Ncha haihesabiwi. Inseti, kile kichuma chenye nyuzi unachofungia ncha, nacho mdomo wake unaobaki nje hauhesabiwi. Hapa ndo watu wanapishana na fundi wa duka, mteja anasema nikatie 29 akiwa amepima na ncha juu, fundi anakata 29 ya shafti tupu, kila mtu ana haki yake na mshale umeshakatwa. Ukienda dukani sema kabisa "29 ya shafti, kutoka mfereji wa noki".

Urefu wangu wa kuvuta nitaujuaje?

Simama ukutani, nyoosha mikono yote miwili bila kujivuta, mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kidole cha kati, alafu gawa kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anapata 28. Kwa sentimita ni hivyohivyo, 178 gawa kwa 2.5 unapata kama 71, ambayo ndo inchi 28. Ni makadirio tu, usije ukayabishania. Kuna watu wana mikono mirefu kuliko kimo chao, na kuna mtu akishika upinde anakunja kiwiko kidogo, na huyo tayari amepoteza nusu inchi.

Kwenye kompaundi urefu wa kuvuta umefungwa kwenye kemu zenyewe, zile gurudumu za juu na chini, ukifika mwisho unagonga ukuta na huendi zaidi. Kwa hiyo angalia setingi ya upinde wako. Na ujue kwamba ile namba ya kiwandani inahesabiwa kwa utaratibu wao: kutoka kwenye mfereji wa noki mpaka sehemu ya ndani kabisa ya mshikio, pale mkono unapobana, alafu wanaongeza inchi 1.75. Kwa hiyo upinde ulioandikwa 28, kamba yake kiukweli iko inchi 26.25 kutoka kwenye mshikio. Shika hiyo 1.75, inarudi sasa hivi.

Kwani mshale si uwe sawa tu na urefu wa kuvuta?

Unaweza, na wengi wako hivyo. Kama resti yako imekaa juu kabisa ya mshikio, mshale wa 28 kwenye upinde wa 28 utatokeza mbele ya resti kama inchi moja na robo tatu, ndo ile 1.75. Hiyo ni salama. Tatizo ni kwamba resti hazikai sehemu moja. Nyingine ziko nyuma zaidi kuelekea kwako, nyingine ziko mbele, na watu wawili wanaovuta 28 wote wanaweza kuhitaji mishale tofauti kwa inchi nzima. Ndo maana ukiuliza kwenye simu "navuta 28, ninunue ngapi" hupati jibu la maana. Resti yako iko wapi? Ncha ni ya aina gani? Kuuliza hayo si kujifanya mtaalamu.

Sasa nipime vipi mwenyewe nyumbani?

Utahitaji mshale mrefu ambao haujakatwa, ncha ya mazoezi (sio ile ya bledi, yaani yenye nyembe za kuwindia), mwenzako, na kalamu ya maka. Simama karibu na shabaha yako, ielekee kabisa, vuta taratibu mpaka mwisho kama unavyovuta ukiwa porini, usijinyooshe kwa sababu unaangaliwa. Mwenzako asimame UBAVUNI, sio mbele, hata kidogo asipite mbele, aweke alama ya kwanza pale resti inapougusa mshale na alama ya pili usawa wa uso wa mbele wa raiza. Alafu shusha kamba taratibu. Usiiachie bila mshale, kompaundi ikiachiwa tupu inaweza kuvunjika viungo vyake mikononi mwako.

Rudia mara kadhaa, alama zikiwa zinahama bado mwili wako haujazoea, subiri wiki mbili za mazoezi ndo upime tena. Zikitulia, alama ya resti ongeza inchi moja, hapo ndo kiwango cha chini kabisa na usishuke chini yake. Alama ya raiza ndo sehemu ambayo mimi napenda mshale wa kuwindia uishie, au upite kidogo.

Mshale mfupi una ubaya gani hasa?

Huu ndo ubaya mkubwa kuliko wote kwenye ukurasa mzima, unaweza kukupeleka hospitali. Mshale ukiwa mfupi, ukivuta mpaka mwisho ncha inarudi nyuma ya resti, inadondoka ndani ya upinde, na wewe umeshaachia. Shafti ya kaboni inapasuka vipande vyembamba virefu vinavyoingia kwenye mkono ulioshika upinde, na kuvitoa ni kazi ya daktari wa upasuaji. Na usiniambie "upinde wangu hauvuti zaidi ya hapo". Siku ya baridi umevaa koti zito, kulungu amesimama pembeni, damu inakimbia, utavuta tofauti na ulivyokuwa unavuta uani. Inchi moja ya ziada ni kwa ajili ya siku hiyo.

Na mshale mfupi hauna dawa, hakuna gundi ya kuurefusha.

Na mrefu sana?

Mrefu ni usumbufu tu. Unakuwa mzito kidogo, unanama zaidi, unagonga matawi ukiwa umekaa kwenye stendi ya mtini, na wakati mwingine hauingii vizuri kwenye podo lililofungwa pembeni ya upinde. Hakuna mtu aliyelazwa kwa sababu ya mshale mrefu. Ukiwa hujui, acha mrefu.

Spaini ni nini na inahusianaje na urefu?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kiini cha kila kitu, na ndo sababu nawaambia msikate haraka.

Ukiachia kamba, mshale hauendi moja kwa moja kama fimbo, unajinama kwanza kwa sababu nguvu inausukuma kutoka nyuma wakati ncha mbele ni nzito na inakataa kuondoka. Spaini ni kipimo cha ugumu wake wa kunama. Wanachukua shafti ya inchi 29, wanaiegemeza sehemu mbili zenye umbali wa inchi 28, wananing'iniza uzito wa paundi 1.94 (gramu 880) katikati, alafu wanapima imeshuka kiasi gani. Ikishuka nusu inchi, yaani 0.500, wanaiandika 500. Ikishuka 0.340 wanaiandika 340. Kwa hiyo namba KUBWA ni mshale LAINI, na hapa wageni wote wanageuza, wanafikiri 500 ndo yenye nguvu.

Sasa hiyo namba iliyoandikwa ilipimwa kwa urefu mmoja maalum. Wewe ukikata, mshale wako unakuwa mgumu zaidi kuliko namba inavyosema, ukiuacha mrefu unakuwa laini zaidi. Na haiendi kidogokidogo: kunama kunafuata urefu mara tatu, yaani urefu mara urefu mara urefu, kwa hiyo shafti ileile kutoka inchi 28 kwenda 30 inanama zaidi kwa kama asilimia 23. Inchi mbili tu! Kwenye chati za viwanda utaona wenyewe wanahesabu inchi moja ya urefu kuwa karibu sawa na paundi tano za nguvu ya upinde.

Mfano: upinde wa paundi 60, mshale wa 28, ncha ya greni 100, chati nyingi zitakupeleka kwenye 400. Upinde wa paundi 70 na mshale wa 29 au 30, uko 340 au 300. Chati ya kampuni iliyotengeneza mishale yako ndo ya kufuata, sio ya jirani. Ukibadilisha ncha ukaweka nzito zaidi, mshale unakuwa laini tena kwa sababu mbele pamekuwa pazito. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza amua ncha, alafu pima urefu, alafu chagua spaini, alafu ndo ukate. Watu wengi wanaanza na mwisho.

Rafiki yangu anasema kata mfupi ili mshale uende kasi. Kweli?

Kweli kihesabu, upuuzi kivitendo. Shafti ya kawaida ina uzito wa kama greni 8.5 kwa kila inchi. Ukikata inchi moja umepunguza greni 8 na kitu, na kwa kawaida kila greni tatu hivi zinakupa futi moja kwa sekunde. Kwa hiyo umepata futi tatu hivi kwa sekunde, haifiki hata mita moja. Kulungu hawezi kujua tofauti.

Na hizo kasi za matangazo, 330, 340, zinapimwa kwa upinde wa paundi 70, urefu wa kuvuta inchi 30, mshale wa greni 350. Wewe unayevuta 27 kwa paundi 55 usizitafute hizo namba, hazipo kwako, kila inchi ya kuvuta peke yake ni kama futi kumi kwa sekunde.

Mshale wangu uwe na uzito gani basi?

Kanuni ya viwanda ni usishuke chini ya greni 5 kwa kila paundi ya upinde, chini ya hapo ni kama umeachia kamba tupu na warantii inakufa. Kuwindia nenda 6 mpaka 8, wengine wanapita. Hesabu ni rahisi: shafti inchi 28.5 mara 8.5 ni 242, ncha 100, inseti 20, noki 10, manyoya ya plastiki matatu jumla kama 20, unapata 392. Kwa upinde wa paundi 60 hiyo ni 6.5, safi kwa kulungu.

Angalia pia uzito umekaa wapi. Usawazishe mshale wako kamili juu ya kidole, pima kutoka mfereji wa noki mpaka pale unapotulia, toa nusu ya urefu, gawa kwa urefu, zidisha mara 100. Mshale wa 28.5 unaotulia kwenye 17.75: 17.75 toa 14.25 ni 3.5, gawa kwa 28.5, unapata kama asilimia 12. Kuwindia watu wanataka 10 mpaka 15. Ukikata shafti kwa ncha ileile asilimia inapanda kidogo. Kuna watu wanapigania 20 na zaidi kama ni dini, siwaingilii.

Mimi natumia rikavu, sio kompaundi. Kuna tofauti?

Kubwa. Rikavu haina ukuta wa kukusimamisha, unavuta mpaka pale mkono unapogusa shavu, na unaachia kwa vidole, kwa hiyo mshale unayumba pembeni kabla ya kuuzunguka upinde. Urefu hapa ni skrubu ya kurekebishia spaini. Nunua shafti ndefu bila kukata, weka ncha utakayowindia nayo uzito wake uleule, acha moja au mbili bila manyoya. Piga zenye manyoya na zisizo na manyoya ukiwa mita 15 hivi. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ule usio na manyoya ukiangukia kulia ya wenzake ni laini mno, kata robo inchi, piga tena. Ukiangukia kushoto ni mgumu, na ukishakata hapo ndo imekula kwako, labda uongeze uzito wa ncha. Mkono wa kushoto geuza.

Robo inchi, tafadhali. Sio inchi.

Mishale ya mbao je?

Ya mbao ina kipimo chake cha spaini, inaegemezwa inchi 26 na uzito wa paundi mbili, usichanganye na ya kaboni. Mbele inachongwa kwa nyuzi 5 kupokea ncha, nyuma nyuzi 11 kupokea noki, kuna kichongeo chake kabisa. Kata upande wa mbele.

Ncha ya bledi inabadilisha urefu?

Kwa wengi ndiyo, na hili linasahaulika kwa sababu mazoezi yote unafanya na ncha ya kawaida isiyo na bledi. Ncha ya bledi zisizokunjika ina upana wa inchi moja na kitu. Mshale ukiishia nyuma ya raiza, bledi zinalala ndani ya dirisha la upinde (ule uwazi wa raiza juu ya mshikio, mshale unapopita), karibu na kidole chako cha shahada. Utavuta, utatulia, kidole kitapanda juu kidogo bila wewe kujua, na wembe uko palepale. Ndo maana napenda shafti ifike uso wa mbele wa raiza. Mwenye ncha za kufunguka zikigonga ana nafasi zaidi, ila sioni sababu ya kuishi kwenye milimita.

Majimbo nayo yana masharti yao. Texas bledi lazima ziwe na upana usiopungua 7/8 ya inchi. Alaska ndo wanataja hadi urefu: mshale usipungue inchi 20 na greni 300 jumla, na upinde paundi 40 kwa kulungu au 50 kwa wakubwa kama elki na dubu wa kahawia. Soma kijitabu cha jimbo lako kila mwaka maana kinabadilika.

Naweza kukata mwenyewe na msumeno wa chuma?

Hapana. Kaboni ikikatwa na msumeno wa meno, au kile kikata bomba cha fundi maji, inachanika nyuzinyuzi, ufa hauuoni mpaka siku unapasuka. Inatakiwa mashine yenye kisahani chembamba cha kusaga kinachozunguka kasi. Maduka mengi ya upinde wanakukatia, na ukinunua kwao wengine hawakutozi. Ukifanya mwenyewe vaa barakoa na miwani, lile vumbi jeusi halifai kwenye mapafu, na mwisho wa shafti usugue mpaka uwe mraba kabisa, kwa sababu inseti ikikaa upande ncha ya bledi itakuwa inaupeleka mshale pembeni kama usukani.

Ukishakata, na kabla ya kila kupiga, shika shafti ncha zote mbili ikunje taratibu mbali na uso, zungusha, kunja tena. Ukisikia mlio wa kupasuka, vunja utupe.

Mtoto wangu anakua, nimnunulie ipi?

Mrefu. Acha inchi mbili au zaidi mbele ya resti na umpime tena baada ya miezi michache. Asiazime ya mdogo wake. Na mke na mume wanaotumia podo moja, kila mtu aweke noki za rangi yake, wa 26 na wa 29 wasichanganyane gizani alfajiri.

Mbona Wahadzabe mishale yao mirefu vile na hawakosi?

Swali zuri, linaulizwa na kila aliyeona picha za Ziwa Eyasi. Mishale yao inakaribia mita na hakuna anayepima. Upinde wao ni mti mmoja usio na resti wala dirisha, mshale unapita juu ya mkono, hakuna kitu cha kudondokea, kwa hiyo kuacha mrefu hakuna gharama na kuna usalama. Wanaunyoosha kwenye moto na kwa meno, mwanaume mmoja anatengeneza yake kwa upinde wake, yaani anachagua fimbo kwa ugumu anaoujua mikononi. Hiyo ndo spaini bila chati. Na wanapiga wakiwa karibu sana, kwa mnyama mkubwa sumu inamalizia kazi. Usiige urefu wao kwenye kompaundi ya paundi 70, spaini itakufa.

Mishale ya krosibou, ule upinde wenye kitako kama bunduki, nayo inakatwa?

Usikate. Nyingi zinatumia mishale ya inchi 20 hivi, kitabu cha mtengenezaji kimeandika urefu, uzito na aina ya noki. Fuata.

Naweza kuwinda hivi nikirudi nyumbani, au nikihamia Ulaya?

Kenya uwindaji wa aina hiyo umepigwa marufuku tangu 1977. Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, bila leseni na kibali ni ujangili hata kama umebeba kijiti tu. Uingereza hapana, sheria ya 1981 inakataza upinde kwa wanyama pori. Ujerumani hapana pia kwa wanyama kama kulungu na nguruwe. Ufaransa ruksa tangu 1995. Kupiga shabaha ya mazoezi ni habari nyingine.

Nimeuziwa mishale ya mtu anayevuta 30, mimi navuta 27. Nifanyeje?

Angalia kwanza spaini iliyoandikwa. Mtu wa 30 mwenye paundi 70 labda ana 300, ukiikata iwe 28 kwa upinde wako wa paundi 50 utakuwa na chuma, haitaki kunama kabisa. Hapo iache ndefu, weka ncha ya greni 125 au 150, jaribu kwenye shabaha, ikienda vizuri tumia. Isipoenda uza kwa mtu wa 30. Ila kabla hujapiga hata mmoja zikunje zote moja moja kama nilivyosema hapo juu, na toa noki uangalie ndani kwa tochi, nyufa nyingi zinaanzia huko nyuma ambako mshale mwingine uliugonga.